Atakayenisemea

Wolversveen, 6 Novemba 2016

Mwanangu Berend,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Bergen? Mgongo wako je, bado unakusumbua au umekubali kazi? Mimi ni mzima, ila masikio ndiyo yananiaga taratibu, na mguu wa kulia ninauburuta kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Ndiyo maana naandika. Ile simu uliyoninunulia iko juu ya kabati, tunatazamana tu. Ukipiga nasikia kuku anayelia ndani ya ndoo.

Baridi imeingia mapema. Kuku wameacha kutaga. Pea za mti wa nyuma nimeshazipika na kuzitia kwenye chupa, na Johan jirani amenipasulia kuni bila kuombwa, kama kawaida yake, na bila kusema neno, kama kawaida yake pia.

Sasa sikiliza. Alhamisi alikuja daktari wetu mpya, binti mdogo tu, baiskeli yake inamzidi umri. Akanywa kahawa, akala biskuti moja, mtu mwenye adabu. Kisha, kikombe bado mkononi, akaniuliza: "Bi Wissink, moyo wako ukisimama, unataka tujaribu kuuamsha?" Loo! Nikamwambia, binti yangu, moyo uliopiga miaka themanini na minne ukisimama, si umechoka? Akacheka, lakini akaandika.

Anasema kile kiharusi kidogo kilichonipitia wakati wa kiangazi kina kaka yake mkubwa, na huenda akabisha hodi siku yoyote. Kwa hiyo nimeamua, nikiwa na akili zangu. Nataka kubaki hapa, kitandani pangu, dirisha likiwa wazi. Sitaki gari la wagonjwa, sitaki mashine, sitaki kulishwa kwa mpira. Ulimwona baba yako. Walimfunga mikono kitandani asing'oe mipira, naye akiomba dirisha lifunguliwe, na madirisha ya hospitali ile hayafunguki. Wessel, aliyelala dirisha wazi hata theluji ikiingia! Sitaki kufa hivyo, Berend. Naogopa hilo kuliko kifo chenyewe.

Daktari ameandika yote, ila anasema karatasi haitoshi, maana siku ya siku watu hupigiana kelele na karatasi haina mdomo. Anatakiwa mtu wa kunisemea nikiwa siwezi kusema. Nataka uwe wewe. Mtoto ninaye mmoja tu. Nijibu ndiyo au hapana.

Mama yako,
Dieka


Bergen, Norwe, 20 Novemba 2016

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, mgongo unaleta maneno lakini kazi inaendelea. Tuna kivuko kizima kwenye matengenezo, injini imefumuliwa yote, natembea nanuka mafuta mpaka paka wa jirani ananikimbia.

Barua yako niliisoma kantini nikashindwa kumaliza chakula. Mama, wewe ni wa kuongea mambo haya? Una nguvu kuliko mimi. Huyo binti daktari angekupima presha akaenda zake, badala ya kukutia huzuni. Tusijitabirie mabaya.

Mimi nina wazo bora. Njoo ukae huku. Chumba kipo, lifti ipo, dirishani unaona meli zikiingia na kutoka. Kuku tutampa Johan. Fikiria tu, usinikatalie leo. Mimi nitakuja Pasaka, tutaongea tukiwa tumekaa.

Nakutumia soksi za sufu na zile dawa za kifua.

Mwanao,
Berend


Wolversveen, 2 Desemba 2016

Mwanangu,

Salamu. Sijambo, kuku hawajambo, soksi zimefika na ninazo miguuni sasa hivi. Asante. Ukubwa ni wa mguu wa askari, lakini nimevaa juu ya zangu.

Umenijibu mambo yote isipokuwa nililokuuliza. Tangu utoto wako ndivyo ulivyo. Ukiulizwa nani amevunja yai, unaleta habari za mbwa.

Bergen siji. Nitafanya nini dirishani, nihesabu meli? Hapa nikiamka najua kila mlango unavyolia. Natoka na fimbo, nawalisha kuku, nawasha jiko, nasoma gazeti, na kama pazia langu halijafunguliwa asubuhi Johan anaona kutoka zizini kwake. Ninaishi peke yangu, lakini si mpweke. Hayo ni mambo mawili.

Wala sijitabirii mabaya. Mtu anayefunga safari hupanga sanduku. Ukikataa sitakasirika, nitatafuta mwingine. Ila usininyamazie.

Ndiyo au hapana?

Mama yako


Wolversveen, 14 Machi 2017

Berend mwanangu,

Salamu. Unaendeleaje? Nilipata kadi yako ya Krismasi, ina picha nzuri ya milima na maneno matatu. Ya Pasaka naona nayo itakuwa kadi, maana umeandika kazi imebana. Haya. Afya yangu ni hivyo hivyo. Mwezi uliopita mkono wa kulia ulikufa ganzi nikiwa namenya viazi, nikakaa chini mpaka ukarudi. Sikukuambia, na leo nakuambia.

Kimya chako nimekielewa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo wasemavyo, nami nina fimbo ya karibu. Nimemwomba Johan.

Najua utashangaa, lakini kaa ufikiri. Yeye ni jirani yetu wa kwanza, yule ambaye kwa mila za hapa husimamia uzazi na msiba wa nyumba yetu, kama baba yake alivyokuwa kwa bibi yako. Ulipozaliwa, ni wao waliokuja na mkate mrefu wa zabibu wa kupongeza uzazi, wameulaza juu ya ngazi na kuibeba mabegani, Johan akiwa kijana wa mashavu mekundu ameshika mwisho wa nyuma. Baba yako alipofariki ni Johan aliyekuja kusimamisha saa ya jikoni na kufungua dirisha hapa nyumbani, kama mila inavyotaka mtu akifa, ingawa marehemu hakuwemo. Ni yeye aliyezunguka mlango kwa mlango kupeleka habari, maana msiba hapa hautangazwi na mtu mwingine, hata mtoto wa marehemu hatangazi. Zamani walikwenda mpaka kuwaambia nyuki kwenye mizinga. Sasa mtu atakayenifumba macho, kwa nini asinisemee saa moja kabla?

Nilimwita aje tunywe kahawa. Nikamweleza. Akatazama viatu vyake vya mbao muda mrefu. Akauliza, "Dirisha gani?" Nikamwonyesha. Akajaribu komeo, akasema linahitaji mafuta, akaenda kuleta mafuta. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, nami nililia alipotoka, kwa sababu nilijiona nimepona.

Daktari ameandika jina lake. Nimekujulisha tu.

Mama yako


Bergen, 23 Machi 2017

Mama,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za mgongo.

Johan! Johan mfuga nguruwe ndiye wa kuamua mama yangu aishi au afe? Mtu ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi! Kesho wakimpigia simu kwamba umeanguka, atatazama viatu vyake? Mimi je? Mimi nitapewa habari mlango kwa mlango pamoja na watu wote wa kijiji, kama mtu wa pembeni?

Mimi ni mwanao. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu naiona ile mikono ya baba imefungwa. Mimi ndiye niliyewaambia siku ile wafanye kila kitu, unajua, tulikuwa wote pale. Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitia woga.

Lakini kunivua kazi hii umpe jirani, hapana. Futa jina lake. Niandike mimi. Jibu lako hili hapa: ndiyo. Ndiyo, mama. Nitasema unachotaka wewe.

Mwanao,
Berend


Wolversveen, 1 Aprili 2017

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kuliko siku zote! Umekasirika vizuri sana, nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka kona zimechakaa. Sikujua bado una moto namna hiyo. Nilidhani huko Norwe wamekuzima.

Nimekwenda mwenyewe kwa Johan na fimbo yangu, kumwomba anirudishie neno langu. Unajua nimemvunjia heshima? Hapa mtu haombi kitu akakirudisha kama sufuria ya kuazima. Alivua kofia, akaipangusa vumbi. Mwishowe akasema, "Damu ni damu, Dieka. Nimerudisha. Sitalisemea tena hilo." Akaongeza kwamba saa, dirisha na kupeleka habari bado ni vyake, hivyo havirudishwi.

Sasa sikiliza vizuri. Siku hiyo watakupigia wewe. Watakuuliza swali moja, tena watauliza kwa sauti ya upole, na upole ule utakufanya utake kuwapa jibu zuri. Jibu lako ni maneno mawili: mwacheni nyumbani. Yafanyie mazoezi. Yaseme kwa sauti mpaka mdomo uyazoee. Mimi siogopi, Berend, ninachoogopa nimeshakuambia. Ahadi ni deni.

Kuku wameanza kutaga tena.

Mama yako anayekupenda,
Dieka


Bergen, 17 Aprili 2017

Mama, shikamoo.

Sijambo. Nimefanya ulivyosema. Mwacheni nyumbani. Mwacheni nyumbani. Nilikuwa ndani ya chumba cha injini nikayasema kwa sauti, fundi mwenzangu akafikiri naongea naye, akaniambia, "Nani arudi nyumbani? Bado saa nzima!" Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Usiku mwema, mama. Lala dirisha wazi. Nimelishika neno lako.

Mwanao,
Berend


De Linde, nyumba ya wazee, 9 Novemba 2017

Berend,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia hati.

Mdomo umekufa. Mkono wa kulia umekufa. Kichwa kizima, hilo ndilo balaa. Ulipokuja mwezi wa tisa nilikugeuzia ukuta. Uliniita siku zote ulizokaa, nikauona mdomo wako ukiita kwa pembe ya jicho. Sikutaka kukuona. Leo nataka kujua.

Johan anakuja kila Jumapili. Nilimwandikia nikamuuliza ilikuwaje. Akasema aliona pazia limefungwa, akaingia, akanikuta jikoni. Daktari wa zamu alipofika akamuuliza yeye, maana ndiye aliyekuwepo. Akajibu: "Mwulizeni mwana. Mimi nilirudisha." Akatoka nje akasimama na kofia mkononi.

Wakakuuliza wewe.

Ulisema nini?

Mama yako


Bergen, 18 Novemba 2017

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Nitakuambia yote. Nilikuwa gatini, asubuhi, jua limetoka. Simu ikalia, daktari akajitambulisha, sauti ya upole kama ulivyosema. Akasema, kiharusi kikubwa. Tunaweza kumkimbiza mjini wajaribu kuitoa ile damu iliyoganda, ila umri wake ni mkubwa na hata akipona hatakuwa yule yule. Au tumwache hapa alale, kama ilivyoandikwa. Wewe ndiye msemaji wake, unasemaje?

Maneno yalikuwa mdomoni, mama. Naapa yalikuwa mdomoni. Kisha nikasikia ile saa ya jikoni ikigonga nyuma yake. Nikakumbuka kwamba nikisema tu, Johan ataingia kuisimamisha. Nikajiona mimi ndiye ninayeisimamisha kwa mkono wangu, kutoka Bergen, na bado ilikuwa inatembea. Nikasema: mpelekeni. Fanyeni kila kitu.

Ni yale yale niliyosema kwa baba.

Nilikuahidi, nikavunja ahadi. Chumba chako kule De Linde nilikiangalia, dirisha linafunguka kidogo tu, upana wa kiganja. Niliuliza kwa nini, wakasema usalama. Nilikwenda kwenye gari nikalia kama mtoto. Nitukane, mama. Chochote. Ila usinigeuzie ukuta.

Mwanao


De Linde, 10 Desemba 2017

Mwanangu,

Salamu. Umekula? Bergen kuna theluji?

Nimeichukua barua yako nikaikalia juma zima. Kuandika ni kazi, ukurasa mmoja siku tatu. Kwa hiyo sina wino wa matusi.

Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, sitakudanganya. Nalishwa uji na binti anayeniita "mpenzi". Mimi, Dieka Wissink! Kila asubuhi naamka nafikiri nitasikia mlango wa banda la kuku, kumbe ni kigari cha dawa. Nyumba imefungwa. Kuku wako kwa Johan.

Lakini nimefikiri. Kosa la kuchagua ni langu. Nilitafuta anipendaye zaidi, na kazi ile haikutaka hivyo. Ulisikia saa ikigonga ukataka iendelee kugonga. Mtoto gani hatataka? Mimi mwenyewe kwa mama yangu nisingeweza. Nilikubebesha gogo nikakulaumu kwa kuinama.

Nimemwandikia Johan tena. Kwa aibu, maana sasa ni mara ya pili kuazima sufuria ile ile. Alisoma mbele yangu. Akaenda dirishani akalijaribu. Akaenda kuongea na mkubwa wa hapa, na wewe unasema hajui kumaliza sentensi! Amerudi na ruhusa. Kikija kingine, kifua au moyo, hawanipeleki popote. Dawa ya maumivu basi, na fundi wao atalegeza lile dirisha. Daktari ametia sahihi, Johan ametia sahihi.

Jina lako bado liko pale. Wamekataa kulifuta, eti mwana lazima apigiwe. Wakimkosa Johan au wakipata wasiwasi, watakupigia wewe, na watauliza kwa upole.

Nakuomba jambo moja la mwisho, na hili utaliweza. Ukiona namba ya hapa, usipokee. Acha ilie. Wasipokupata watarudi kwa Johan. Habari yenyewe, ya kwisha kwangu, ataileta yeye. Ni haki yake.

Siku zote za mbele niandikie. Za injini, za paka, zozote. Napenda habari zako.

Nimekusamehe. Nimeandika polepole ili isomeke.

Mama yako,
Dieka


Bergen, 21 Februari 2018

Mama, shikamoo.

Nilitaka kukuandikia Jumapili habari za kivuko kipya, lakini naandika leo, niko kwenye meza ya jikoni, sikwenda kazini. Theluji iko mpaka dirishani. Mgongo uko salama, kama unauliza.

Asubuhi simu imelia. Namba ya De Linde.

Niliiweka mezani. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia. Ililia muda mrefu, mama. Sikujua simu inaweza kulia muda mrefu namna ile. Nilisema yale maneno kwa sauti, hapa, peke yangu, yale mawili uliyonifundisha, nikayasema mpaka ikanyamaza. Yametoka vizuri. Yangetoka vizuri siku ile, kama ungekuwa na watoto wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kulia.

Ikalia tena. Nikaiacha tena. Tangu hapo iko kimya.

Sijui huko kunaendaje. Labda ni kifua. Labda wanataka tu kuniuliza ukubwa wa viatu vyako, watu wale huuliza mambo ya ajabu. Najisemea hivyo. Mimi nimekaa na kalamu kwa sababu mikono haitaki kukaa bure, na nikiweka kalamu chini nitashika simu niwapigie, nitasema mpelekeni. Najijua. Kwa hiyo naandika.

Paka wa jirani amezaa kwenye sanduku langu la vifaa. Nimewaacha humo. Kivuko kipya kina injini mbili, nitakueleza siku nyingine. Ukinijibu, hata mstari mmoja wa mkono wa kushoto, nitafurahi mpaka basi.

Nakupenda, mama. Nimeliweza hili la mwisho.

Mwanao,
Berend

Sijaifunga bahasha. Simu inalia. Ni namba ya Johan, ambaye hajawahi kunipigia maisha yake yote. Hii napokea.